Picha Iliyomeza Tangazo

Sogeeni, na mwenye simu asiifiche, maana kesi yenyewe imo humo humo kwenye simu zenu. Mimi imenishinda. Nawatwisha ninyi, na asinune mtu.

Tabora, kwenye parokia moja, palikuwa na kwaya, na ndani yake watu watatu wenye vipaji visivyohusu kuimba. Nyamizi alikuwa na jicho. Shona kifungo kwa uzi wa rangi nyingine, atakiona toka mlangoni, na atasema. Shija, mpiga kinanda, alikuwa na mikono. Chochote chenye vitufe kilimtii. Mama Kalunde, mwenyekiti, alikuwa na neno. Akisema hapana, hata paroko anakwenda kujipanga upya.

Kwaya ilikuwa na tovuti, na kwenye tovuti kulikuwa na picha yao. Weee, picha hiyo! Mwanzoni Shija aliiwekea kisanduku kidogo, kikawakata watu wa besi waliosimama pembeni. Besi wakasusa mazoezi. Ikabidi Mama Kalunde aape mbele ya kanisa: kisanduku kitapanuliwa waonekane wote, kitafungwa kwa nywila yake mwenyewe, na siku atakayoruhusu kipunguzwe, uenyekiti basi. Besi wakarudi.

Sasa Jumamosi moja mwimbaji wao Skolastika akajifungua. Mtoto wa kike, mzima, lakini damu ya mama ikawa haikatiki. Daktari akamwambia mumewe, Maganga: "Kundi lake ni adimu, O hasi, na akiba yetu imeisha. Tafuta mtu, baba, kabla jua halijazama."

Maganga alikimbia hadi ofisi ya kwaya, shati limemganda mgongoni. Shija akaandika tangazo: kundi la damu, hospitali, wodi, namba ya Maganga. Akalipachika kando ya picha, na kwenye kompyuta likasomeka vizuri kabisa. Kiungo kikarushwa kwenye makundi ya simu, ya parokia, ya soko, ya wenye malori, nao wakawarushia wenzao.

Maganga akakaa ameishika simu kwa mikono miwili. Majibu yakaanza. "Hongereni, mmependeza!" "Sare nzuri, fundi nani?" Hakuna aliyetaja damu. Watu gani hawa? Mke wangu anakufa, wao wanasifia vitenge? Hasira na hofu vikampanda pamoja, akapayuka mbele ya wote: "Atakayeniokolea Skola, mwanangu ataitwa jina lake! Jina moja tu la kumwita, na atakuwa somo wake hadi kaburini!"

Nyamizi ndiye aliyeshtuka. Wenzake wote walikuwa wakitazama kompyuta. Yeye akachomoa kisimu chake chenye kioo kilichopasuka, akaifungua tovuti humo. "Jamani! Njooni muone!" Wakainama. Picha ilikuwa imejaa kioo kizima. Tangazo limebanwa ukingoni, herufi moja moja zinashuka kama siafu, na namba haipo kabisa. "Watu hawajasoma kitu," alisema. "Wanaona sare tu." Wakaandika upya kwenye makundi yao, lakini kile kiungo kilishafika kwa watu wasiowajua, na kila aliyekifungua alikutana na picha.

Shija akaweka ukurasa katika mwonekano wa simu, akashika ukingo wa kisanduku, akavuta. Haukusogea. Kufuli.

Macho yote yakamgeukia Mama Kalunde. Mlangoni walisimama watu wa besi, na mmoja wao akasema polepole, "Mama, uliapa." Maganga akapiga magoti sakafuni. Hakujali tena nani anamwona. "Mama Kalunde, nakuomba. Skola."

Yule mama akamwinua Maganga. Kisha akasema, "Kiapo ni changu, nitajuana na Mungu wangu. Sogea, Shija." Akaandika nywila, kufuli likafunguka.

Hapo ikaja zamu ya mikono. Shija akaipunguza picha, tangazo likarukia chini kabisa ya ukurasa. Akalipandisha, namba ikajificha nyuma ya picha. Simu ya Maganga ikalia, ni muuguzi: "Fanyeni haraka, baba." Shija hakuinua kichwa. Akaipandisha safu ya tangazo juu ya picha, akaivuta toka ukingo hadi ukingo, akakuza herufi. Besi wakakatwa mabegani. Kwenye kisimu cha Nyamizi tangazo sasa lilisomeka lote.

Simu ikalia tena. Sauti nzito: "Mimi ni O hasi, napakia mzigo hapa stesheni. Wodi ipi?"

Msinirukie na huyo dereva aliyepiga simu, mkasema jina ni lake. Alitoa damu, akapanda lori lake, akaenda zake bila kuacha jina, na namba aliyopigia haikupatikana tena. Skolastika akapona. Kesho yake besi wakamshika Mama Kalunde kwa neno lake, naye akauachia uenyekiti bila ubishi.

Siku ya kumtoa mtoto nje na kumpa jina, nyumba ilijaa. Nyamizi akaanza: "Nisingeona mimi, mngeitazama kompyuta hadi msiba."

"Kuona si kuponya," alisema Shija. "Nani kati yenu angejua pa kuvuta?"

Mama Kalunde akasema, "Mimi sidai. Ila ninyi mlitoa mlivyonavyo na bado mnavyo. Changu hakijarudi."

"Si kiapo chako ndicho kilichofunga kisanduku, mama?" alifoka Nyamizi. "Na wewe Shija, si ndiwe uliyelipachika tangazo bila kulikagua kwenye simu?"

"Na hilo jicho lako," Shija akamjibu, "lilikuwa wapi watu walipoanza kusifia sare?"

Kila neno lilimchoma Maganga, maana kila neno lilikuwa kweli. Alijua jina atakalotamka litampa mtoto somo mmoja, na litampunguzia yeye rafiki wawili. Skolastika, bado dhaifu, akamwekea mtoto mikononi. "Mwite, baba yake. Watu wanangoja."

Haya, wenzangu. Maganga amefungua kinywa, mtoto analia na hana jina. Ungekuwa wewe, ungemwita nani?