Nakunda na Mstari Mwekundu

Soma taratibu, halafu mpelekee yule mwenzako anayependa kufuata mkumbo. Usimwambie kwa nini umemtumia. Atajua mwenyewe.

Katika mji mmoja chini ya milima ya Upare palikuwa na kikundi cha watu wapendao kupanda milima. Si watalii wa kutoka ng'ambo, ni watu wetu hawahawa: mwalimu, fundi cherehani, mwenye duka la dawa. Jumamosi ikifika wanakaza viatu, wanabeba makande kwenye hotipoti, wanakwenda kutoa jasho kwa raha zao. Mjini waliwacheka sana. "Mnafuata nini huko juu, kuna mnada?"

Mwenyekiti wao aliitwa Nakunda. Alikabidhiwa kikundi kikiwa hoi. Safari iliyotangulia walikusudia kufika kileleni, ukungu ukawashukia, wakazunguka msituni mpaka mama mmoja akateguka mguu. Tangu hapo watu wakaanza kutega. Waliobaki wakamwambia Nakunda bila kumung'unya maneno, "Tunakupa safari moja. Tukipotea tena, kila mtu abaki kwake."

Na Nakunda alikipenda kikundi kile, jamani. Alikuwa mjane, na wale ndio waliomtoa ndani siku ambazo hakutaka kumwona mtu. Kikivunjika, alijua atarudi kukaa peke yake na redio.

Basi wakapata GPS, kile kifaa cha mkononi kinachokuonyesha ulipo hata pasipo na mtandao. Lakini kifaa bila ramani ni sufuria bila unga. Ilibidi wachague programu ya ramani ya kuweka humo, na zilikuwa mbili.

Ya kwanza ilipendeza mno. Ilikusanya nyayo za kila aliyepita mlimani na kifaa au simu yake, ikazichora kwa rangi nyekundu. Wakipita wachache, mstari unakuwa mwembamba. Wakipita wengi, mstari unanenepa. Upande wa kaskazini palikuwa na mstari mmoja umenona hasa, unaelekea kileleni bila kona.

Ya pili ilikuwa kavu. Mito, mabonde na kontua, ile mistari ya mwinuko iliyotusumbua shuleni, ambayo ikibanana ujue hapo mlima umesimama wima. Njia yenyewe ilikuwa moja, nyembamba, inazungukia mbali mashariki kama mtu asiye na haraka.

Katibu wao, Mbazi, hata hakutaka kuitazama hiyo ya pili.

"Mwenyekiti, penye wengi hapaharibiki jambo. Watu wote hao wapite njia mbovu, wana wazimu?"

Nakunda akaona maneno yana mashiko. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. "Sawa," akasema, "tuchukue hiyo ya mstari mwekundu. Ila tutangulie mimi na wewe tukaijaribu, kabla hatujamtoa mtu nyumbani kwake."

Wakaondoka asubuhi. Njia ilikuwa pana, imekanyagwa ikakanyagika. Mbazi alikuwa mbele, kifaa mkononi, anaimba. "Si nilikwambia? Barabara kabisa hii!"

Wakapita kwenye mianzi, wakatokea peupe, na njia ikaishia hapo. Mbele yao palikuwa na genge, mlima umekatika wima. Chini huoni mwisho, unasikia maji tu.

Mbazi akakitazama kifaa, akaona mstari nao unaishia hapohapo, jambo ambalo hawakulichunguza mwanzo, akalitazama genge. "Labda waliruka."

"Na mabegi yao mgongoni?"

Pembeni ya genge nyasi zilikuwa zimelala, kumetapakaa maganda ya mayai na chupa tupu. Watu walikaa pale, wakala, wakapumzika. Njia nyingine ya kutokea haikuwepo. Nakunda na Mbazi wakageuza.

Walipokuwa wakishuka, Mbazi akapunguza sauti. "Mwenyekiti, hili tulimeze. Tuwaambie tulikaribia kilele, mvua ikatuzuia. Ukisema tumepotea tena, kikundi kimekwisha."

Nakunda aliogopa, maana alijua huenda Mbazi anasema kweli.

Jioni akaunganisha kifaa na simu, safari yao ikaingia kwenye ramani. Nakunda akaona mstari mwekundu umenenepa kidogo. Akadhani ni macho. Akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. Weee! Nyayo zao zilikuwa zimeongezwa, tena mara mbili: walipokwenda na waliporudi.

Akakaa kitini. Kumbe! Aliyefika kileleni huvuka akashukia upande wa pili, kwa hiyo njiani hupita mara moja. Aliyepotea hupita mara mbili. Na kila aliyekwama pale gengeni alirudi nyumbani akanyamaza, akawaachia wenzake mstari mnene zaidi. Njia iliyovutia kuliko zote katika ramani ile ilikuwa imechorwa na watu waliopotea.

Siku ya kikao ikafika. Mbazi akamkonyeza akumbuke ile mvua. Nakunda akasimama.

"Wenzangu, nimepotea. Ramani niliichagua mimi, na imenifikisha gengeni."

Mbazi akafunika uso kwa viganja. Watu wawili wakaanza kuchukua mikoba yao.

Ndipo Naelijwa, yule fundi cherehani, akauliza taratibu, "Genge lile lenye maganda ya mayai?"

"Umelijuaje?"

Naelijwa akaangalia sakafu. "Mayai yenyewe yalikuwa yetu. Mimi na mume wangu tulikwenda wakati wa Pasaka. Tukaona haya kusema."

"Loo! Hata mimi nimefika pale," akasema mwalimu. "Nyumbani niliwaambia nimegusa kilele."

Kikao kizima kikaangua kicheko, na waliokwisha shika mikoba wakaiweka chini.

Wakaweka ramani ile kavu. Safari ilikuwa ndefu, walizunguka mashariki, wakapumzika, wakalalamika, wakala makande. Mama aliyewahi kuteguka mguu alifika kileleni wa mwisho, ameshika mkono wa Nakunda. Alipouona mji wao kule chini, mdogo kabisa, alilia. Nakunda naye akalia, tena hakujificha.

Waliporudi, kila mmoja wao aliyewahi kukwama aliingia katika ile ramani ya mstari mwekundu, akaandika penye genge: "Usifuate njia hii. Mimi nilirudi." Wakaweka na majina yao kamili, hadi Mbazi.

Haukupita muda mrefu, chini ya maneno yao mtu wasiyemjua akaongeza yake: "Asanteni. Leo nilikuwa nawapandisha wanangu, na ukungu ulikuwa mzito. Tumesoma tukiwa bado kwenye mianzi, tumegeuza. Sasa tuko nyumbani, wanakunywa chai."

Funzo: Usiulize ni wangapi wamepita, uliza ni wangapi wamefika. Na wewe ukipotea, sema. Haya yako ndiyo inayompoteza anayekuja nyuma yako.