Funda la Maji Penye Moto wa Vyungu

Mmemsalimia mfinyanzi penye moto wake, hakuitika, mkadhani ana kiburi. Hana kiburi. Ana funda la maji mdomoni, na hatalitema mpaka vyungu vitoke motoni. Kaeni, niwaeleze ilivyoanza.

Zamani hizo neno lilikuwa na nguvu kuliko leo. Mwenyezi Mungu alikuwa amewaamini watu. Mgonjwa akiambiwa "pona," aliinuka. Mzima akiambiwa "anguka," alianguka. Na kwa kuwa binadamu hukasirika, waliwekewa njia ya kurudi: aliyetamka neno baya alichukua maji mdomoni, akaenda mbele ya aliyemuumiza, akayatema chini na kusema, "Nimelitema." Neno likafa. Ila ilimpasa afanye hivyo kabla jua halijazama.

Katika siku hizo aliishi mfinyanzi aitwaye Nakiete. Akina mama walimletea watoto wenye homa, naye aliwashika kichwa akasema, "Poa, baba. Poa, mama," na homa ikashuka. Yeye mwenyewe alikuwa na mtoto mmoja tu, Nambike, binti aliyekwisha kuposwa.

Siku moja gulio lilikuwa kesho yake, na vyungu vya Nakiete vilikuwa havijakauka sawasawa. Nambike alikiweka kimoja shavuni.

"Mama, hivi bado vina ubaridi. Tungoje."

"Nilianza kufinyanga kabla hujazaliwa. Lete nyasi."

Nambike akaleta nyasi, moto ukawashwa. Haukupita muda, vyungu vikaanza kupasuka, kimoja baada ya kingine, na vigae vikaruka mpaka uani kwa jirani yao, Mama Senzia. Akachungulia akicheka.

"Shoga, leo unachoma vyungu au unakaanga bisi?"

Wanawake waliokuwa wakipita na kuni wakacheka pia. Nakiete aliona aibu, na aibu ikatafuta pa kutulia. Akamgeukia mwanawe.

"Mkono wako una nuksi! Heri ungepasuka wewe, vyungu vikabaki."

Nambike aliweka chini nyasi alizoshika. Akajishika kifua, akaingia ndani, akalala mkekani.

Kicheko kilimkauka Mama Senzia. "Nakiete, chukua maji upesi. Jua bado liko juu."

"Nimtemee maji mtoto niliyemzaa mwenyewe? Aje yeye kwanza, aniombe radhi."

"Radhi ya nini?"

Nakiete alijua kosa ni la nani. Alichukua ufagio akaanza kukusanya vigae. Kutoka ndani alisikia mara moja, "Mama." Akajisemea, atatoka tu. Akafagia pale alipokwisha kufagia, akipaangalia mlangoni, akimngoja mtoto aje kupiga magoti.

Jua lilipogusa mlima, moyo wake ulimshinda. Alijaza maji mdomoni, akakimbilia ndani, akayatema sakafuni. "Nimelitema, mwanangu! Pona. Pona, mama." Alisema hivyo mpaka sauti ikamwisha. Mdomo uliokuwa umeponya watoto wa kijiji kizima haukumponya huyu. Nje jua lilikuwa limezama kabla hajayatema. Nambike alikuwa ameugeuza uso wake mlangoni, kama mtu aliyekuwa akingoja.

Walipokwisha kumzika, Nakiete alibaki kaburini akaomba: "Ee Mungu, tunyang'anye nguvu hii. Hatuiwezi." Mungu akasikia. Akaichukua ile ya kuua papo hapo, na ile ya kuponya papo hapo ikaenda pamoja nayo. Lakini hakuchukua yote. Neno la kuumiza bado huingia, likakaa ndani miaka. La kuponya huja polepole, na mara nyingi huchelewa. Sisi tuliokwisha kuzika tunalijua hilo, wala hatumlaumu Mola.

Na tangu siku hiyo, mwanamke akiwasha moto wa vyungu hujaza maji mdomoni kwanza. Vikipasuka, husimama pale mashavu yamevimba na machozi yakimtoka, mpaka hasira impite. Ndipo huyatema majivuni, akamgeukia mwanawe.

Nakiete ndiye aliyeanza. Alifinyanga miaka mingi baada ya hapo, akaviacha vyungu vikauke siku zote zinazohitajika, na hakikupasuka tena hata kimoja. Hakuwa na wa kumwachia.