Dakika Mbili za Mhandisi

Slabu ilianguka Jumanne, saa tatu na dakika ishirini na sita asubuhi.

Ndugu zangu Waislamu, huu ni mfano. Msiutafutie mtaa, wala msimkisie mtu. Nitautoa kwa kufuata saa, kwa sababu aibu yake yote imo kwenye saa.

Mhandisi mmoja wa majengo alikuwa na kompyuta iliyochukua dakika kumi na nne kuwaka. Ikishawaka ilifanya kazi vizuri, kwa hiyo hakuiita mbovu. Kila asubuhi aliibonyeza, akaiacha inahangaika peke yake, akavuka barabara kwenda kunywa chai. Ofisi nzima ilizoea. Mtu akimuulizia, karani alijibu, "Yuko kwenye chai ya mashine." Wageni walicheka, wakakaa kumsubiri. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka mitatu.

Jumanne hiyo, saa tatu na dakika kumi na mbili, simu yake iliita. Ndiyo kwanza alikuwa ameibonyeza kompyuta. Aliyepiga ni msimamizi wa mafundi kwenye jengo ambalo mhandisi huyo alilichora.

"Injinia, habari za asubuhi. Hii slabu ya mbele, inayotokeza nje bila nguzo, mirunda yake tuitoe leo? Tunaihitaji huku nyuma."

Mirunda mnaijua. Ni ile miti inayoegemeza zege kwa chini mpaka likomae, liweze kujibeba lenyewe.

"Ngoja niangalie mchoro," mhandisi akasema. "Dakika mbili tu, nakupigia."

"Hiyo mashine yako bado inachemshwa kwa kuni?"

"Dakika mbili, bwana! Una haraka ya kwenda wapi?"

Mnacheka. Na wao walicheka. Lakini alisema dakika mbili hali akijua ni kumi na nne. Alijua, maana muda huo alikuwa akiupima kila siku kwa vikombe vya chai. Tuliite nini neno lake lile?

Aliiacha simu mezani, kando ya kompyuta, akavuka barabara.

Saa tatu na dakika kumi na tisa msimamizi alipiga tena. Simu iliita mpaka ikakatika. Karani aliitazama, hakuigusa, kwa kuwa haikuwa yake. Kule kwenye jengo msimamizi aliwageukia mafundi, akasema maneno ambayo kwenye ujenzi husemwa karibu kila siku:

"Kungekuwa na tatizo angeshapiga. Toeni."

Walitoa mirunda minane. Wa tisa aliushika fundi seremala mmoja, mtu wa miaka thelathini na minne, mwenye mke na watoto wawili. Slabu ikashuka. Wenzake waliruka. Yeye ilimbana mguu wa kulia, na walitumia jeki tatu za malori kumtoa.

Saa tatu na dakika ishirini na saba mhandisi alikuwa amerudi, amekaa, na mchoro ulifunguka mbele yake. Pembeni mwa slabu ile palikuwa na maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe: mirunda isiguswe kabla ya siku ya ishirini na nane. Siku hiyo ilikuwa ya kumi na tisa.

Alichukua simu kumpigia msimamizi. Aliyepokea alikuwa akilia.

Kesho yake, Jumatano, mhandisi alimwita fundi wa kompyuta. Hakuwa amelala. Alimwambia, "Kuna kirusi humu. Au kuna mtu ameniharibia. Tafuta."

Fundi alikaa, akaangalia. Hakukuta kirusi. Alikuta vijiprogramu thelathini na moja vinavyojiwasha vyenyewe kila kompyuta inapowaka, kabla mwenye kompyuta hajaruhusiwa kugusa chochote.

"Injinia, hii programu ya madaraja unaitumia?"

"Nilichora daraja moja, mwaka juzi."

"Inaamka kila siku. Na hii ya kupima udongo?"

"Hiyo niliijaribu wiki moja tu, muda wake ukaisha."

"Muda umeisha, lakini yenyewe inaamka kila siku kuulizia leseni. Hii nyingine inatafuta printa kubwa."

"Printa hiyo tuliiuza."

"Haijaambiwa. Na hii hapa ndiyo mbaya kuliko zote. Inaita kompyuta ya ofisi yako ya zamani kuomba kibali. Inasubiri ijibiwe, haijibiwi, inaita tena. Dakika sita zinakwenda hapo, na nyingine zote zimejipanga nyuma yake."

Mhandisi alisimama. "Ofisi ile niliondoka kwa ugomvi, miaka mitatu iliyopita. Nani kaviweka vitu vyote hivi?"

Fundi alimgeuzia kioo cha kompyuta. Kila kijiprogramu kilikuwa na tarehe kilipoingia na jina la aliyekikubali. Thelathini na moja, jina lilikuwa moja.

"Ni wewe, Injinia. Ulipokuwa unaweka programu, kila moja ilikuuliza kama iwake kila kompyuta inapowaka. Ukabonyeza ndiyo."

"Sikusoma."

"Hakuna anayesoma."

Fundi hakufuta programu za kazi. Viwili tu aliviondoa, cha printa na kile cha ofisi ya zamani. Vingine aliviwekea amri moja, visiamke mpaka viitwe. Akazima, akawasha. Sekunde arobaini na tano. Mhandisi alimuuliza kazi ile imechukua muda gani. Fundi alitazama saa yake. Dakika ishirini na mbili.

Miaka mitatu, ndugu zangu. Dakika ishirini na mbili.

Jumamosi mhandisi alikwenda hospitali. Madaktari walikuwa bado wanajaribu kuuokoa ule mguu. Mke wa yule fundi seremala alisogea amwachie kiti, mhandisi hakukaa. Akaanza kueleza. Alieleza habari za kompyuta, na vile vijiprogramu, na ofisi ya zamani, na jinsi sasa inavyowaka kwa sekunde arobaini na tano. Yule seremala alimsikiliza mpaka mwisho.

"Injinia," akasema, "mimi kompyuta siijui. Lakini ungemwambia msimamizi msiguse, tusingegusa."

Mhandisi akakaa kwenye kile kiti.

Ndugu zangu, mmesikia? Mimi mwenyewe nilipokuwa nautunga mfano huu nilifika hapo nikaiweka kalamu chini. Tumekaa hapa tunailaumu mashine. Msiguse ni neno moja. Halihitaji mchoro wala umeme. Alikuwa nalo saa tatu na dakika kumi na mbili, simu ikiwa sikioni. Mashine ilikuwa nzito, kweli, lakini aliyekuwa mzito zaidi ni mwenye mashine, na hilo fundi wa kompyuta hakuliona.

Na sisi? Tumetoka kuswali sasa hivi. Baada ya takbira, ni kitu gani kiliwaka kwanza kifuani mwako? Wengine ni duka. Wengine ni ugomvi wa urithi na kaka yako, ambao kila asubuhi unaupigia hodi, haukujibu, na ukiamka kesho unaupigia tena. Tuliyakubali moja moja, tukiwa na haraka. Hakuna adui aliyetuwekea. Biashara ni halali, kamati ni kheri, hata simu hiyo mfukoni ina kazi yake. Hakuna anayekwambia uvitupe. Viambie visubiri kuitwa.

Maana mtu anapokuja kwako na swali, mkeo, au mama yako mzazi, au jirani ambaye hajawahi kukuomba kitu, haoni yanayozunguka ndani yako. Anasikia dakika mbili, anakuamini. Ukinyamaza, anadhani umekubali. Anakwenda kuutoa mrunda.

Nani hapa ana mtu anayesubiri jibu lake tangu wiki iliyopita? Msiniinulie mikono. Mnajijua, nami najijua. Kama jibu kamili huna, toa lile fupi ulilo nalo. Sema subiri. Sema sijui. Sema msiguse. Usiseme dakika mbili.

Habari ya yule fundi seremala naimaliza hapa, siongezi kitu. Madaktari walijaribu mpaka Jumapili. Jumatatu, saa nne asubuhi, walimkata mguu wa kulia, juu ya goti.