Ua Lenye Majina Matatu

Isome, kisha umtumie yule anayependa kugawa ardhi isiyo yake.

Mtemi Lugoye alikitaka kinamasi cha Igaga. Alitaka kukikausha, alime miwa. Kinamasi hicho ndicho kilichowanywesha watu wa Igaga kila kiangazi: palipochanua yale maua ya njano, madogo kama ukucha wa kichanga, wanawake walichimba kidogo tu na maji yakatoka.

Kwa desturi ya nchi ile, ardhi ni ya anayejua kukitaja kinachoota juu yake. Basi mshauri wa Mtemi akachuma ua moja, akawaita wanawake barazani mmoja mmoja, kama wezi.

Wa kwanza akasema, "Hii ni taa ya maji."

Wa pili akasema, "Chozi la kiangazi."

Wa tatu, bibi kizee, akasema, "Mkwe mwema. Hana maneno, ila hukuonyesha maji yalipo."

Mshauri akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Umesikia, Mtemi? Ua moja, majina matatu. Hawalijui hawa."

Mtemi akainua fimbo yake ili ahukumu.

Binti mmoja, Milembe, damu ilimchemka. Yule bibi alichota maji pale kabla Lugoye hajazaliwa, leo anaitwa mwongo na mtu ambaye hajawahi kulowa hata kisigino! Akasimama bila kuitwa.

"Mtemi, nina swali kwa mama yako."

"Kaa chini, binti."

"Nitakaa akishanijibu. Mama, huyu mwanao unamwitaje?"

Mama yake Mtemi alikuwa pembeni akichambua kunde pamoja na binti yake na mkwewe. Hakuinua hata macho. "Kilio. Mwaka mzima hakunipa usingizi."

Baraza likaangua kicheko.

"Nawe dada yake?"

"Kabonge."

"Na mkewe?"

"Baba Kulwa."

Milembe akamgeukia mshauri. "Mtu mmoja, majina matatu. Nani kati ya hawa hamjui?"

Mshauri akainama kuiokota kofia yake.

"Haya, wewe unayemtakia Mtemi kinamasi. Hilo ua mkononi mwako unaliitaje?"

Mshauri akaligeuza, akalitazama. "Hili? Ni magugu tu."

Hakuna aliyecheka tena. Fimbo ya Mtemi ilikuwa bado juu.

"Kilio," mama yake akasema, akiendelea na kunde zake, "shusha fimbo hiyo, watu wakachote maji yao."

Mtemi akaishusha.

Funzo: Kinachopendwa hakikosi majina. Ukimsikia mtu anaita mali yako magugu, jua jembe lake ameshalinoa.