Mtunza Hazina Aliyekataa Kusema Ghala Ni Tupu

Imepokewa kutoka kwa watu wa zama zilizopita kwamba Baitul Mali ya jimbo moja la jangwani ilikuwa mikononi mwa mja mwema aitwaye Nufail bin Sahl, Mwenyezi Mungu amrehemu. Miaka kumi na minane alishika funguo za hazina na za ghala la zaka, na nyumbani kwake wakila mkate wa shayiri kama maskini wengine.

Mwaka mmoja mvua ikakatika. Watu wa mabondeni wakaja na watoto wao, wakaketi mlangoni mwa ghala kudai haki yao. Amiri wa jimbo alikuwa amekwisha kuwaahidi wafanyabiashara ngano iliyokuwa ghalani kwa bei ya ukame. Akamwita Nufail, akamwamuru atoke awaambie watu kuwa ghala ni tupu. Alijua kwamba neno lake mwenyewe wangelitilia shaka, lakini la Nufail wangelisadiki.

Nufail akawakumbuka mabinti zake watatu, na kwamba hakuwa na riziki nyingine. Akaleta istighfari kimoyomoyo, kisha akatoka.

"Enyi waja wa Mwenyezi Mungu," akasema, "ngano ipo, imejaa mpaka darini, nayo ni haki yenu. Kilichokosekana ni ruhusa ya amiri."

Akakamatwa papo hapo, akanyang'anywa funguo. Lakini watu hawakuondoka. Walisali pale pale, wakashinda pale pale, na wafanyabiashara walipoleta ngamia wao, wanawake wakajilaza mbele ya mlango. Siku ya tatu askari wenyewe wakakataa kuwakanyaga, na amiri akawa hana budi kufungua.

Ngano ilipokwisha kugawanywa, amiri akatuma mjumbe gerezani. Nufail angerudishiwa kazi yake, kwa sharti aombe radhi mbele ya baraza.

"Kamwambie amiri," akajibu Nufail, "toba yangu naipeleka kwa Mola wangu, kwa dhambi zangu. Kusema kweli si mojawapo."

Akakaa kifungoni mwaka mzima, na binti zake wakaishi kwa kusokota sufu. Alipotoka akawa mchukuzi sokoni, akibeba magunia ya watu kwa ujira mdogo, na hakuna aliyemsikia akijuta.

Ndugu zangu katika imani, anayekabidhiwa mali ya umma huwa amekabidhiwa ulimi wake pia. Nufail alipoteza cheo, akabaki na jibu la kumpa Mola wake. Sisi tuliokabidhiwa machache kuliko yeye, tumeandaa jibu gani?