Jemadari Juu ya Nyumba ya Konokono

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitikia huku mnapiga miayo? Paukwa!

— Pakawa!

Haya, pigeni miayo tu. Ngano hii ni ya ukungu, na mwenye usingizi ndiye atakayeiona vizuri.

Hapo zamani Jemadari Siafu alitaka kuila dunia yote. Alikuwa na askari wengi, lakini aliowapenda ni Walinzi. Walinzi walikuwa na vichwa vikubwa, meno kama koleo, na kofia ndefu za manyoya ya nyuki. Hawakutumwa vitani ovyo. Walikaa nyuma kungojea siku mambo yatakapoharibika. Na sheria yao ilikuwa moja: Mlinzi humfuata aliye mbele yake, wala hageuki nyuma.

Siku hiyo mambo yaliharibika. Tangu alfajiri siafu walipigana na mchwa kwenye kichuguu, na mchwa hawakusogea. Askari wa kawaida walikwisha. Jemadari akapiga kelele, "Leteni Walinzi!" Ngoma ikalia, ndu! ndu! ndu! Walinzi wakateremka, chaka-chaka-chaka. Ukungu ulikuwa umewafunika, zikaonekana kofia tu, zinaelea zenyewe. Jamani, walipendeza! Mimi ningekuwa mdudu ningewapigia makofi, kisha ningetimua mbio.

Njiani, chini ya mgomba, alikuwapo Bi Konokono. Alikuwa amefukia mayai yake hapo, akayafunika kwa jani. Konokono hawezi kukimbia, na mayai hayana miguu.

"Nani huyo?" Jemadari akauliza. "Nanusa mayai!"

"Ni mimi, Bwana Mkubwa. Mayai yapo, lakini ni madogo, hayajazi hata shavu moja. Wale mchwa wanene je? Nasikia wameanza kukimbia. Hukuwaona?"

"Niwaone wapi? Ukungu huu, sioni hata pua yangu!"

"Maskini! Jemadari mzima unakwenda kwa miguu? Panda juu ya nyumba yangu. Nitakupeleka mpaka uone migongo yao. Mayai utakula ukirudi."

Jemadari akawaza: mchwa sasa, mayai baadaye. Vyote vyangu! Akapanda.

Konokono akaondoka, te-re-reee. Jemadari juu, Walinzi nyuma, chaka-chaka-chaka. Konokono akapinda kidogo, Walinzi wakapinda kidogo. Konokono akapinda tena, Walinzi wakapinda tena. Hakuna aliyeuliza, maana Mlinzi haulizi. Ukungu ulikuwa mweupe na mzito kama uji, na ngoma ikasikika kama inapigwa ndotoni. Taratibu wakauzunguka mgomba, hadi Konokono akafika kwenye mkia wa msafara wao wenyewe.

"Bwana Mkubwa," akanong'ona, "unaona nini?"

"Migongo! Naona migongo!"

"Sikukwambia?"

"Lakini mbona wana kofia ndefu kama zetu?"

"Wamewaibia. Mchwa hawana haya."

Jemadari akaruka chini kwa hasira. "Walinzi! Washikeni wezi hao!"

Walinzi wa mbele wakawavamia wa nyuma. Wa nyuma wakasikia meno visiginoni. "Tumevamiwa! Tugeuke?" "Mlinzi hageuki!" Basi wakasonga mbele kwa nguvu zao zote, wakiwasukuma walio mbele yao, nao wakawasukuma wenzao. Duara likafungika. Ndu! ndu! ndu! Chaka-chaka-chaka! Kila mmoja anafukuza, kila mmoja anafukuzwa, na wote wanashangilia ushindi.

Bi Konokono akarudi polepole kwenye jani lake. Akaingia nyumbani, akafunga mlango, akalala.

Alipoamka, mayai yalikuwa yameanguliwa. Vitoto vikatoa vipembe vyao, vikatazama. Walinzi walikuwa bado wanazunguka, polepole sasa, kofia zimewaangukia usoni, macho wameyafumba. Jemadari alikuwa katikati yao, naye anamfuata aliye mbele yake.

"Mama, hawa wanakwenda wapi?"

"Wanashinda vita, wanangu. Msiwaamshe."

Na funzo lake? Funzo lipo. Watoto wazuri, mfuateni aliye mbele yenu, msiulize maswali, wala msitazame nyuma. Walinzi walifanya hivyohivyo, na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyepotea njia.

Ngano yangu imeingia nyumbani kwake, imefunga mlango. Aliyeipenda aiote, asiyeipenda amdai konokono.