Alichokiona Bi Somoe Alipomwosha Hadia

Kwanza mniapie. Wekeni mkono wa kulia kifuani mseme: wallahi, hatutamwambia mtu. Haya. Kisa hiki shangazi yangu alinipa kwa kiapo, naye alipewa kwa kiapo, na kila aliyekipokea alikaa nacho siku moja tu, ya pili akakitoa. Mungu atusamehe sote. Sogeeni.

Wametusimulia waliotutangulia kwamba zama za maliwali, upande wa kusini, bara kidogo ya pwani, palikuwa na kijiji kikiitwa Kitopeni, watu wake wakulima wa ufuta na wachimbaji wa sandarusi, ule utomvu mgumu utolewao ardhini. Humo aliishi mja mwema, Bi Somoe binti Makame, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mjane, na kazi yake kuwaosha wanawake wanapofariki. Miaka thelathini aliifanya kazi hiyo, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema maiti fulani alikuwa hivi au vile. Ukimuuliza, alikuwa akijibu, "Nimemwosha, nimemvika, nimemwombea," basi. Sisi wengine tungekwisha kupasuka.

Jumanne moja alasiri, Hadia, mke wa Mwinyigoha, alikutwa kisimani amekufa. Mwinyigoha huyu ndiye aliyekuwa muadhini wa Kitopeni. Alikuwa na sauti tamu, na kipaji cha uso cheusi kwa kusujudu. Alilia mbele za watu akasema mkewe aliteleza. Watu wakamwonea huruma, ingawa majirani walijua kwamba Hadia alikuwa amefunga kifurushi chake aende mjini kesho yake, kwa kadhi, akaombe kuachwa. Walijua pia sababu, maana kuta za udongo hazizuii kilio.

Jumatano asubuhi Bi Somoe akaingia kumwosha. Aliyemmiminia maji ni jirani, Bi Kibibi, mwanamke mwepesi wa maneno. Bi Somoe akamwinua maiti kidogo, akampitisha mkono tumboni taratibu kama sharia inavyotaka, ili kitoke cha kutoka. Aliwahi kuwaosha waliozama mtoni, akajua tumbo la aliyekunywa maji linavyokuwa. La Hadia halikutoa hata tone. Alipomfunua nywele kisogoni akaona mstari mwembamba umezunguka shingo yote, na nyuma, pale kamba ilipokazwa, ngozi imechubuka.

Mkono wa Bi Somoe ukasimama. Bi Kibibi naye, kata ya maji ikasimama.

"Somo," Bi Kibibi akanong'ona, "hiyo nini?"

"Mimina maji, Kibibi."

"Mimi sijaona kitu, unasikia? Mimi namimina tu."

Wakamaliza, wakamvika sanda, akazikwa kabla ya adhuhuri. Na kwa kuwa fisi walikuwa wengi nchi ile, wanaume wakakoka moto kaburini, wakapangiana zamu za kulinda usiku na mchana siku saba, kama ilivyokuwa ada yao kwa kila kaburi jipya. Mlinzi hakuondoka ila kwa swala ya Ijumaa.

Alhamisi asubuhi Mwinyigoha akapiga hodi kwa Bi Somoe. Alikuwa amechukua nguo za marehemu zimekunjwa vizuri, kwani nguo za maiti ni haki ya aliyemwosha.

"Shika haki yako, mama."

"Ahsante, mwanangu. Mungu akupe subira."

Hakuondoka. Alisimama mlangoni akiziba mwanga, macho yake kwenye mtungi wa maji.

"Mama, wewe ni mtu wa siri. Kitopeni nzima inakusifu."

"Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu."

"Kadhi anakuja kesho. Nchi hii mtu akifa ghafla, kadhi huuliza watu watatu: aliyemwona mwisho, aliyemkuta, na aliyemwosha. Utamwambia nini?"

Bi Somoe akaziweka zile nguo chini.

"Na maji unachota kisima kilekile," akasema Mwinyigoha kwa upole, kama anayemuusia mama yake mzazi. "Kuwa mwangalifu. Pana utelezi pale." Akaondoka akivuta uradi.

Tangu saa ile Bi Somoe hakuonja chakula. Maji akayaendea mtoni, mwendo wa saa nzima, na kila jani likitikisika nyuma yake aligeuka. Mlango akauegemeza kinu. Na hofu ya mtu huyo, jamani, ilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ilikuwa ya Mola wake. Akisema, amevunja amana ya miaka thelathini, amemfunua maiti aliyejilaza mikononi mwake hana la kujitetea. Asiposema, damu ya Hadia imelala bure. Akawa anaswali, akisahau rakaa, anaanza upya.

Ijumaa asubuhi akafika Kadhi Nurdini juu ya punda wake, mzee mfupi mwenye kikohozi. Akakaa kwenye baraza la msikiti, watu wakajaa. Akamuuliza Mwinyigoha, akamuuliza na mchota maji aliyemkuta Hadia. Kisha akamwita Bi Somoe.

"Bi mkubwa, ulipomwosha, uliona nini?"

Mwinyigoha alikuwa ameketi hatua tatu tu kutoka kwake. Hakutazama juu. Bi Somoe akakaza ukaya wake wa kichwani mpaka vidole vikamuuma.

"Kadhi wangu, mwosha maiti hafunui alichofunika."

Watu wakaguna. Bi Kibibi huko nyuma akasema, bila ya kuulizwa, "Na mimi nilikuwa namimina tu!"

Kadhi akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Umesema kweli, mama. Aibu ya maiti tumeamrishwa kuisitiri. Lakini maiti akidhulumiwa, dhulma ile ni aibu ya nani? Ukiifunika, unamsitiri nani?"

Bi Somoe akauachia ukaya wake. Kisha akasema, "Nipe mpaka baada ya swala. Nataka kwanza nimwendee mwenyewe nimtake radhi."

"Umepewa. Baada ya swala utasema, na ikibidi tutalifungua kaburi, wanawake wanne waangalie."

Mwinyigoha akapanda juu ya msikiti, akaadhini adhana ya kwanza. Waliosikia walisema sauti ilikwaruza siku ile. Wanaume wakaingia msikitini wote, na walinzi wa kaburi nao wakauacha moto wakaja. Wanawake wakabaki majumbani. Bi Somoe akachukua udi kidogo, akashika njia ya makaburini peke yake, anasoma Yasini.

Hakuwa amefika aliposikia jembe.

Akadhani masikio yanamdanganya. Akapita kichaka cha mwisho, akamwona Mwinyigoha yumo ndani ya kaburi la mkewe, udongo umemfika kiunoni, anachimba kama mchimba sandarusi alivyo, haraka na bila kupumzika. Ukingoni alikuwa ameparuraparura kwa vidole, ionekane ni kucha za fisi. Upande wa chini ukaonekana weupe wa sanda.

Udi ukamdondoka Bi Somoe. Mwinyigoha akageuka.

"Mama. Umekuja na nani?"

"Nimekuja kwa Hadia."

Mwinyigoha akatazama njia, akaona hakuna mtu. Akajifuta jasho kwa kilemba cha Ijumaa. "Basi sikiliza. Apa hapa kwa Mungu, kwamba hukuona kitu. Neno moja tu. Utarudi kwako salama na mimi nitarudi kwenye swala, na watu watasema fisi wamembeba. Miaka thelathini hukusema, leo ndiyo useme?"

Neno lenyewe lilikuwa fupi, na kiapo cha kulazimishwa wanazuoni wana maneno yao juu yake, kwamba hakimfungi mtu. Lakini Bi Somoe aliutazama ule weupe wa sanda aliyoishona kwa mkono wake mwenyewe.

"Ewe Hadia, niwie radhi," akasema. Kisha akamgeukia yule mtu. "Nimeona shingo yake. Tumbo lake halikuwa na maji. Ulimkaza kamba, ndipo ukamtupa kisimani. Hayo niliyaona, na hayo nitayasema ukiniacha hai. Usiponiacha, nitayasema huko ninakokwenda."

Mwinyigoha akapanda kutoka kaburini na jembe lake mkononi. Bi Somoe hakukimbia. Wengine husema ni imani. Yeye mwenyewe baadaye alisema miguu ilikataa. Akafumba macho akatoa shahada.

Sasa, huko msikitini. Mwinyigoha alihesabu kwamba khutuba ni ndefu, na asipoonekana watadhani amekaa safu za nyuma kwa msiba wake. Uchungu wa roho ulimsahaulisha kazi yake mwenyewe. Khatibu akipanda mimbari huketi, hasemi kitu, mpaka muadhini asimame mbele yake atoe adhana ya pili. Na Kitopeni ilikuwa mwiko mtu mwingine kuitoa maadamu aliyeadhini ya kwanza yu hai. Kadhi Nurdini, aliyekuwa khatibu siku ile, akaketi juu ya mimbari. Akangoja. Safu zikangoja. Watu wakaanza kugeuza shingo. Mlinzi mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Na kaburini hakuna mtu." Kadhi akateremka na fimbo yake, hakuvaa hata viatu, na msikiti mzima nyuma yake.

Bi Somoe alisikia kishindo cha miguu mitupu akadhani ni mauti. Alipofumbua macho alimwona Mwinyigoha ameinua jembe juu ya kichwa chake, mikono myekundu kwa udongo wa kaburi, nyuma yake sanda iko wazi. Na kuzunguka pande zote, wanaume wa Kitopeni na kanzu zao nyeupe za Ijumaa.

Jembe halikushuka. Wala halikuweza kufichwa.

Kadhi akakohoa, akaegemea fimbo yake. "Muadhini," akasema, "tulikuwa tunakungoja wewe."

Ndugu zangu waumini, Bi Somoe alitetemeka mpaka magharibi ya siku ile, akashikwa mikono kama mgonjwa. Mwenyezi Mungu hakumwondolea hofu yake. Alimpa ulimi wa kusema kweli hofu ikiwa palepale, na kwa waja wake wengi hiyo ndiyo neema anayowapa.